Kisanduku cha Kumi na Saba

Wananiambia, iweke kwenye wiki.
Kwetu wiki ina siku saba na Ijumaa yake;
hii ya Stoke haina Ijumaa, haina kufunga duka,
kila mwenye nywila ana mkono chunguni.

Kiwanda kinauza sahani.
Chini ya sahani kuna mifumo sitini na minne ya kompyuta
na kazi yangu ni kuichora: upi unaulisha upi,
oda inapita wapi, inalala wapi,
huu ukiugua ni upi utakaokohoa.
Nilipofika sikukuta ramani. Nilikuta vigae:
picha ya ubao uliofutwa nusu,
karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati,
slaidi ya mwaka ambao bado nilikuwa shule ya msingi.
Mfinyanzi hulia gaeni, nikasema kwa sauti,
na Parminder akaniuliza kama naomba chai.
Tukainywa. Vikombe vya jikoni kwetu vyote vina pengo mdomoni.

Tukajenga ukurasa baada ya ukurasa.
Watu wa malipo wakaandika yao, wa ghala wakayabisha,
mmoja akafuta, mwingine akarudisha,
na nyuma ya kila ukurasa historia ikabaki:
jina, saa, neno lililotoka, neno lililoingia.
Visanduku vikapata wenyewe.
Isipokuwa cha kumi na saba,
ambacho kwenye kigae cha zamani kuliko vyote
kiliandikwa tu: Usizime. Muulize Tunnicliffe.

Tunnicliffe alistaafu Machi. Alipewa keki.

"Tukizime," akasema Parminder, "tuone nani atalia."
Alhamisi tukakizima. Hakulia mtu.
Jumatatu hoteli moja ya Aberdeen ikapokea visosa elfu nne
bila kikombe hata kimoja.

Nikapanda basi la Burslem kwenye manyunyu.
Maureen Tunnicliffe alifungua mlango akiwa na gundi mkononi.
Jikoni mwake kila kitu kimebandikwa karatasi:
SUKARI. BOMBA LA MOTO.
HII NI DAWA YA ASUBUHI, CLIVE.
Kalamu za rangi tatu: yake, ya binti yake, ya nesi wa Jumatano.
Na pale palipoandikwa CHAI YAKO, MAZIWA MENGI,
mwandiko wa nne, unaotetemeka, umekata MENGI
na kuandika juu yake: kidogo.
Mzee alikuwa dirishani akihesabu magari. Hakugeuka.
Sikuuliza.

"Kile?" Maureen akacheka. "Nilikiunda usiku mmoja, tisini na nane.
Vikombe vilikaa mfumo huu, visosa mfumo ule,
havikujuana. Nikaviozesha."
Nikafungua ukurasa mezani, kati ya siagi na vidonge,
nikamsogezea kompyuta.
Akaandika kwa vidole viwili, mistari tisa.
Akafuta "nilidhani", akaweka "nilijua",
akatazama dirishani,
akarudisha "nilidhani".
Saa tisa na dakika arobaini na mbili alasiri. Historia inalo jina lake.

Kwenye basi la kurudi, chini ya mistari yake,
niliandika miwili yangu, ya kujisemea,
nikiamini hapana atakayeisoma:

*Aliyeficha ufunguo, hulala nje mlangoni;*
*Andikeni mjuao, msiyaache vichwani.*

Asubuhi nilimkuta Parminder ameacha swali pembeni:
Hii lugha gani? Nifute?

Na chini ya swali, saa nane usiku,
Mbwana, zamu ya ghala la Longton,
mtu nisiyepata kumwona hata kivuli:
Yaache.
Halafu, katika historia, badiliko dogo kwa jina lake.
*Aliyeficha* imekuwa *Aloficha*.
Maelezo ya badiliko: Mizani ilizidi moja.